Ukurasa wa Mama Becky

Mnanijua. Kama hamnijui, shangazi yenu ananijua, maana ananiangalia akikatakata sukuma. Mimi ndiye yule mama wa Murera anayeosha sufuria akigombana na dunia nzima: na wauza viazi wanaopanga vikubwa juu na vidogo chini, na mafundi wanaosema nimefika, mama, fungua geti, na bado wako kitandani. Mtoto anashika simu, mimi naongea. Hiyo ndiyo kazi yangu, na imenilisha kuliko kuku nilizokuwa nikifuga.

Sasa sikilizeni yaliyonipata na huu umaarufu. Jumamosi moja nilitoka nyumbani mbio, leso begani, slipa miguuni, nikaruka kwa bodaboda na kumwambia kijana anipeleke Mwiki. Nilikuwa naenda kwa fundi wa simu anayeitwa Abdulnasir, kumwomba afute ukurasa wangu kwenye kamusi elezo ya mtandaoni. Ndiyo, ukurasa ule ule niliopigania mpaka sauti ikakauka. Becky, mtoto anayenishikia simu, alikuwa anapenda kuusoma, na humo mlikuwa mmeandikwa kitu ambacho akikifikiria kidogo tu angejua kwamba mimi si mama yake.

Wacha niseme yote, maana siwezi kuwaficha nyinyi na Becky pia. Becky ni mtoto wa Maggie, binti yangu. Maggie alimzaa akiwa bado kwa yunifomu ya shule, na aliyempa mimba akahama bila kuaga hata mbwa. Nikamwambia Maggie arudi darasani, mtoto aniachie mimi. Tukatoka Ngoliba na marehemu mume wangu Ndegwa, tukanunua kaploti hapa Murera ambako hakuna aliyetujua, na mtoto akakua akiniita Mum na kumwita Maggie kwa jina, dada mkubwa tu. Maggie sasa anashona mapazia Thika mjini. Kila Krismasi ananiuliza tutamwambia lini, na kila Krismasi namwambia mwaka ujao. Si ati nilikuwa na mpango. Niliogopa.

Kitu kimoja tu Maggie alinikatalia, na hicho ni jina. Pale hospitalini nilitaka mtoto aitwe Nduta, jina la mama yangu, ili ionekane ni wangu. Kwetu Wagikuyu jina halichaguliwi, linafuatwa. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, wa pili la mama ya mama yake, na aliyezaa kabla ya kuolewa huitia watu wa kwao. Maggie, macho yamevimba kwa kulia, akaniambia nichukue kila kitu lakini jina ataita mwenyewe. Akamwita Nyawira. Nyawira ni mimi.

Mmeshaona shida iko wapi. Mwanamke hajiitii mtoto mwenyewe. Ukisikia Nyawira ana msichana anaitwa Nyawira, jua huyo ni mjukuu na mkubwa ni shosho, nyanya yake, hata usiulize. Kwa hivyo jina langu nililiacha Ngoliba. Huku Murera mimi ni Mama Becky, kanisani ni Idah Ndegwa, na jina la tatu likakaa kwa kitambulisho, ndani ya mfuko wa sidiria. Mambo yalikuwa sawa miaka yote hiyo, mpaka nikataka kuwa mtu wa maana.

Ukurasa wenyewe uliandikwa na shabiki nisiyemjua. Becky ndiye aliuona kwanza, akaja akiruka na simu, Mum, uko kwa kamusi. Mistari minne tu, lakini niliisoma mpaka nikaikariri. Halafu wiki haijaisha pakawekwa onyo juu yake, kwamba kuna pendekezo ufutwe. Aliyependekeza ni huyo Abdulnasir, mmoja wa wasimamizi wenye uwezo wa kufuta, na kwa maelezo yake ametaja duka lake la simu la Mwiki. Aliandika kwa upole, hiyo ndiyo iliniudhi zaidi. Alisema watu wa video ni wengi kama nzi, kwamba kutazamwa si kuandikwa, na kwamba mtu huingia kwenye kamusi akishaandikwa na wengine wasiomjua, kwa gazeti au kwa kitabu, si kwa sababu anapendwa.

Nilichemka. Niliweka sufuria ya ugali iliyoungua mbele ya simu, nikaisugua nikimsugua yeye. Nikasema kwenye hiyo kamusi kuna mcheza mpira aliyeingia uwanjani mara moja akatoka na kigugumizi cha goti. Kuna kijito ambacho hata ng'ombe wa Ngoliba hawakijui. Lakini mama anayetazamwa na nusu ya Kiambu akiosha vyombo, huyo hafai, kwa sababu hakuna mtu wa tai aliyemwandika. Nikauliza ni nani alimpa Abdulnasir mizani ya kupima watu. Ile video ilisambaa kuliko zote, na watu wakaenda kwenye ukurasa kumtukana mpaka nikamhurumia kidogo.

Ndipo Awiti akanipigia. Ni mwandishi wa gazeti, msichana mwenye heshima, akasema ameona vita vyangu na anataka kuniandika. Alikuja mpaka nyumbani. Nilivaa suti ya kanisa. Sijui ni nini huingia kwa mtu akiulizwa na gazeti, lakini ulimi wangu ulinyooka kama mtu anayeapishwa. Jina kamili, mama? Idah Nyawira Ndegwa. Na watoto? Margaret Gathoni na Rebecca Nyawira. Hivyo, bila kumeza mate. Awiti ni mtu wa Siaya, si Mgikuyu, kwake hayo yalikuwa majina tu, akaandika akaendelea na chai.

Gazeti likatoka. Abdulnasir, kwa sababu ni mtu wa haki, na hiyo ndiyo taabu yake, akaondoa onyo, akaandika kwamba sasa chanzo kipo na yeye alikuwa amekosea. Akaongeza sehemu mpya kwenye ukurasa, Maisha binafsi, akaweka majina yetu vile yalivyokuwa gazetini, jina langu kwa mstari mmoja na la Becky chini yake. Yeye pia hakuona kitu. Mimi nilisherehekea na soda na hata sikusoma vizuri.

Ijumaa jioni mtu akaandika chini ya video yangu: kwani Mama Becky alijiitia mtoto mwenyewe? Mwingine akajibu labda ni jina la dada ya mzee. Wa tatu akasema yeye ni wa Ngoliba, na Ndegwa hakuwa na dada. Baada ya hapo zikafuata zile sura za kucheka, safu nzima. Nilifuta maoni moja baada ya jingine, lakini ukurasa wa kamusi sikuweza kuugusa. Ukiandika jina langu popote, ndio unakuja kwanza. Sikulala. Kulipokucha nikamwona Becky amejikunja kwa kochi, simu karibu na pua, na nikaenda kutafuta slipa.

Sasa mko na mimi Mwiki. Duka la Abdulnasir ni dogo, meza moja na ukuta umejaa kava za simu. Nilikuwa nimejiandalia mzee wa miwani na kiburi. Nikapata kijana mwembamba wa kofia ya kanzu, ananiamkia shikamoo na kunipanguzia kiti. Alinijua mara moja. Nadhani alifikiri nimekuja kumpiga.

Nikamwambia nataka ukurasa ufutwe. Akanitazama kama mtu aliyeletewa simu iliyolowa. Akaniuliza si huu ndio tuliugombania? Nikaanza kujishusha, mimi, mwenye mdomo huu. Nikamwambia alikuwa amesema kweli, watu wa video ni nzi, leo tupo kesho hatupo, mimi ni nani bwana, mama wa kuosha sufuria. Akasema ndio, hayo ndiyo aliyafikiri, lakini alisikiliza video yangu mpaka mwisho na nikamgeuza. Maneno yangu mwenyewe alinirudishia, mpaka lile la kijito.

"Mama, hii si albamu ya nyumba yako," akasema. "Ukishaingia humo uko kama huo mto. Mto hauulizwi kama unataka kuandikwa."

Nilimjibu kwa hasira kwamba mto hauna mtoto. Ndipo nikamweleza. Kitu ambacho sikuwahi kumwambia pasta, wala majirani, wala dada yangu mwenyewe, nilimwambia fundi wa simu, kati ya kava za simu, na mteja mmoja amesimama mlangoni akingoja chaja. Nilimweleza habari ya Maggie, na habari ya jina, na kwamba mtoto yuko nyumbani anausoma ule ukurasa kama Biblia. Nilipomaliza nilikuwa nimekunja pembe ya leso mpaka ikawa kamba.

Abdulnasir hakusema pole. Alikuwa anauma mdomo. Kisha akamwambia yule mteja arudi baadaye, akaivuta kompyuta yake kwa upande wangu.

"Kuna mtu mwingine ameomba ufutwe," akasema. "Leo asubuhi. Nilidhani ni utani, nikamjibu vile tunavyojibu kila mtu."

Ilikuwa sehemu ya majadiliano, ile wanayobishania. Nikaisoma polepole, maana miwani nilikuwa nimeisahau. Mtu alikuwa ameandika: "Naomba mfute huu ukurasa. Huyu si mtu maarufu. Ni shosho yangu." Chini yake Abdulnasir alikuwa ameandika asante kwa mchango wako, tafadhali weka chanzo. Na chini ya hayo, yule mtu alikuwa amejibu maneno manne tu, "Chanzo ni jina langu."

Hapakuwa na sahihi. Haikuhitajika.

Ngai, Mungu wangu. Niliketi pale nikisikia pikipiki za nje kama ziko ndani ya kichwa changu. Alikuwa amejua wakati mimi natafuta slipa. Alikuwa amekaa kwa kochi letu, na hasira yake, na hakuvunja kikombe, hakunilipukia. Alienda kwa hao watu na kuwaomba kwa adabu wanitoe kwa dunia, wanirudishe nyumbani. Nilikuwa nimekuja kumficha maneno, kumbe ni yeye anayetufichia sisi sote.

Abdulnasir akasema kwa kanuni za kamusi watu wanapewa muda wa kujadili kabla ya kufuta. Halafu akasema basi, akishtakiwa ataeleza, na majina ya watoto hayakufaa kuwekwa tangu mwanzo, hilo ni kosa lake. Mkono ukaenda kwa kibonyezo. Nikamshika kifundo cha mkono, nikamwambia angoje. Nilitaka kulisoma lile neno shosho mara moja tena, kwa sababu hakuwahi kuniita hivyo na sikujua kama ataniita tena. Nikalisoma. Kisha nikamwambia afute.

Nilimkuta Becky nyuma ya nyumba, kando ya tanki. Alikuwa amepanga sufuria kama siku zote za kurekodi, kubwa nyuma, ndogo mbele, lakini simu ilikuwa mfukoni. Nikaketi juu ya ndoo. Nilifikiri ataniuliza kwa nini. Nilikuwa nimeandaa majibu ya kwa nini njia nzima, mengine ya uongo. Hakuniuliza hivyo.

"Nani aliniita Nyawira?" akasema.

"Ni Maggie. Mimi nilikataa. Akanishinda."

Akakwaruza masizi ya sufuria kwa ukucha. Nikamwambia kila kitu, bila kukimbia, hata lile la Nduta, hata zile Krismasi. Nikamwambia mamake hakumtupa, kwamba mimi ndiye nilikuwa nasema mwaka ujao, na yeye kila mara anarudi Thika akilia. Becky hakulia. Alitoa simu mfukoni akapiga namba. Nilisikia sauti ya Maggie, mashine ya kushona ikilia nyuma yake, akisema vile husema siku zote, sasa Becky, Mum ako hapo?

"Ako," Becky akasema. Mashine ikaendelea kidogo halafu ikanyamaza. "Lakini nilikuwa nakutaka wewe."

Akazunguka upande wa pili wa tanki na simu yake. Walikaa huko mpaka jua likahama ukutani, na mimi nikaosha zile sufuria zote bila kusema neno.