Hapa Haanguki Mtu

Shuka lilikuwa limepitishwa kiunoni mwa mama, likazungushwa nyuma ya kiti na kufungwa mafundo mawili. Bintiye, kitindamimba, aliligundua alipoinama kumkumbatia. Kila alipokuja, mama alikuwa kitandani amejifunika, naye akaamini ni uzee. Leo alikuja bila kupiga simu.

"Nani kamfunga?"

"Hatujamfunga, dada. Tunamlinda," muuguzi alisema, macho chini.

Msimamizi wa nyumba hiyo ya wazee hakukawia kufika. Mwanamke mpole, maneno yake asali tupu.

"Dada yangu, ulipokuja hapa uliuliza nini? Uliuliza wanaoanguka ni wangapi. Nikakwambia hakuna, ukafurahi. Ulidhani tunafanyaje?"

Kweli binti aliuliza hivyo. Serikali ilipoanza kuzishindanisha nyumba za wazee kwa afya ya waliomo, ikihesabu vidonda vya kulala, kuvunjika, kuanguka, yeye ndiye aliyejitwika kazi ya kuchagua. Nyumba ya kule bondeni aliitembelea pia. Alikuta wazee wakijikongoja koridoni na fimbo zao, wakibishana, mmoja kabandikwa plasta kwenye paji la uso. Akarudi kwa ndugu zake akisema, "Kule wanaanguka kama mapapai mabivu. Mama yangu simpeleki." Kaka zake wakamsifu kwa akili, na yeye sifa akazipokea.

Mama aliingia hapa kwa miguu yake mwenyewe, akimtania mlinzi wa geti kwamba konokono angempita. Majuto ni mjukuu, na huyu wa bintiye alikuwa keshaanza kukimbia.

Binti akapiga simu ile nyumba ya bondeni palepale kuomba nafasi, msimamizi akisikiliza.

"Mgonjwa wako anasimama mwenyewe?" sauti ikauliza.

"Alikuwa anasimama."

"Na sasa?"

Binti akayatazama mafundo ya shuka.

"Pole, dada. Wasiosimama hatupokei siku hizi, wanatushusha alama. Na sisi tunapimwa."

Msimamizi alitabasamu kwa huruma, akaenda zake na muuguzi wake.

Binti akayafungua mafundo. "Mama, tusimame kidogo. Nimekushika."

Mama alijaribu. Alikunja uso, akasukuma, kisha uzito wake wote ukamwangukia mwanawe kifuani.

"Usianguke!" binti alifoka. Aliona haya mno. Katika maisha yake hakuwahi kumfokea mama yake.

Akamrudisha kitini. Kazini alikotoroka walikuwa wakimsubiri, na nyumbani hapakuwa na mtu mchana kutwa. Mama alianza kuteleza upande. Binti akaliokota shuka.

"Nisamehe, mama."

"Kaza tu, mwanangu. Wasije wakakugombeza."

Mama akainua mikono yake yote miwili juu, bila kuambiwa, ili shuka lipite.