Saa Moja Iliyopotea Kati ya Maskati na Dar

Naapa kwa saumu yangu, hili ninaloandika halina chumvi hata punje. Mwaka huu, mfungo ukiwa katikati, nilimfuma mchumba wa mjukuu wangu akila mchana.

Anaitwa Sabri. Anafanya kazi Maskati, ama ndivyo alivyosema alipoleta posa ya Ruwaida. Mimi tangu nistaafu ukarani bandarini Kilindoni sina shughuli kubwa ila kuchunguza watu, na huyu nilimtilia shaka pale Ruwaida aliponisomea safari ya Sabri ya kuja Idi. Ndege inaruka Maskati saa nne asubuhi, inatua Dar saa nane na nusu mchana.

"Na angani anakaa muda gani?"

"Saa tano na nusu, babu."

Nikahesabu kwa vidole. Haikutimia.

"Saa moja kaificha wapi? Ni kilomita karibu elfu nne zile. Mimi niliyekwenda Maskati nazijua, ndege yetu ilisimama njiani kupisha ngamia."

Ruwaida akacheka. Mimi sikucheka. Huyo yuko Kariakoo, nikasema moyoni, na posa yake nitairudisha.

Baada ya alasiri simu ya video ikaita. Nikachungulia begani kwa Ruwaida. Jua letu la Baleni bado linawaka juu ya minazi, na bwana mchumba anatafuna tende, shavu limetuna!

"Kobe!" Nilipiga kelele mpaka jirani yangu Kheri akatoka kwake. "Anakula mchana wa Ramadhani! Hapa hakuna ndoa, posa inarudi leo hii!"

Machozi yakamlenga Ruwaida. Sabri akameza haraka haraka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba simpi mla mchana!"

"Babu, huku tumeshaswali magharibi." Akageuza simu dirishani. Nje kiza kimeingia, taa za barabarani zinawaka. "Sisi tuko mashariki yenu, jua linatuchwea mapema. Hata saa zetu ziko mbele kwa saa moja."

"Ndiyo hiyo saa uliyokuwa ukiitafuta," Ruwaida akasema, bila kunitazama.

Kheri akajikuna kidevu. "Sasa bwana, wewe uliyefika Maskati, hukuliona hilo?"

"Nilikwenda... kulikuwa na mawingu."

"Mawingu gani!" Mke wangu, Somoe, akadakia kutoka jikoni. "Hajapanda hata kile kindege cha hapo Kilindoni! Kijana wa watu kafunga kutwa, unamzushia ukobe? Muombe radhi, kisha uje ukune nazi za futari. Mpaka Idi!"

Nikaomba radhi. Marahaba nikaitoa, kwa sauti ndogo. Ruwaida akafuta machozi akaingia ndani na simu yake, na muda si mrefu nikawasikia wanacheka. Wanacheka nini, sijui.

Somoe ameniwekea kibao cha mbuzi mlangoni kabisa, watu waendao msikitini wanione. Kheri amekaa pembeni na ushauri wake.

"Taratibu, rubani," anasema. "Usije ukatukunia na kidole."