Zamu ya Octave

Consolate aliwaahidi watu wa Bwegera jambo moja tu, na kwa mtu mwaminifu lilikuwa jambo dogo: kwamba mwezi wa sita Octave ataondoka.

Octave alikuwa rais wa Zamu, shirika la pale Kilibula, mjini Uvira, lililojipa kazi ya kuwafundisha raia kwamba uongozi ni kupokezana. Kila Jumapili baada ya misa gari la shirika lilipanda bonde la Ruzizi, likasimama Bwegera, likaendelea hadi Luvungi, na kila liliposimama Octave alishuka na kipaza sauti kuwaambia wakulima kwamba kiongozi asiyejua kuondoka ni mwizi. Yeye alisema Kiswahili cha mjini. Consolate, mkulima wa mpunga wa pale Bwegera na mjumbe wa kamati ya uongozi ya Zamu, alikigeuza kuwa Kirundi, na alikigeuza vizuri mno. Maneno ya Octave yakipita kinywani mwake yalitoka na meno.

Meno hayo yalimfikia Niyonzima. Mzee huyo alikuwa msimamizi wa mfereji wa maji ya mpunga kwa miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo maji yalikuwa na tabia ya kufika kwanza kwa shemeji zake. Mashamba ya wajane yalipata kilichobaki, na msimu mwingine hakikubaki kitu. Masomo yalipoingia watu wakaanza kumtazama kwa jicho jingine, mpaka mwenyewe akaitisha mkutano. Alisema yuko tayari kuachia mfereji, aushike Sabine, mjane ambaye watu walimtaka. Lakini kwanza anataka kuona walimu wakifanya wanachofundisha. Muhula wa Octave si unaisha mwezi wa sita? Basi siku Consolate atakapoleta jina la rais mpya wa Zamu, siku hiyo naye ataondoka. Consolate akakubali mbele ya watu wote.

Mwezi wa sita ulipoingia, kamati ilikutana Kilibula siku ya Jumamosi asubuhi. Walikuwepo Charlotte, makamu wa rais. Frédéric, mtu wa sheria, aliyekuwa katibu. Mzee Jean-Berchmans, katekista wa Luvungi. Na wengine wawili ambao tangu waingie kwenye kamati hawakuwahi kusema ila ndiyo. Baada ya sala Octave akasimama, akaanza kuhesabu kazi walizofanya pamoja. Kisha sauti ikashuka.

“Myaka kumi na mbili iko mingi,” alisema. “Minye nimechoka. Mwili umechoka, na bibi yangu, mama wa watoto, anasema sasa inatosha.”

Akainamisha kichwa. Consolate alijisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia la mpunga, na akajilaumu kwa kumshuku mtu huyu wiki nzima. Sasa, katika mikutano ya kwetu hotuba haiachwi ianguke bila makofi. Tunapigia makofi sala, tunapigia wageni, tunapigia hata taarifa kwamba soda zimechelewa. Kwa hiyo Octave alipoinamisha kichwa, wa kwanza kupiga makofi alikuwa Consolate. Wengine wakamfuata, wakasimama. Alipiga kwa furaha hadi viganja vikawaka, akimwona tayari Sabine akifungulia wajane maji.

Octave akawangoja wamalize.

“Asanteni,” alisema. “Kama munanipigia makofi namna hii, minye niko nani wa kuwakatalia?”

Frédéric alikuwa ameshaandika. Akasoma muhtasari kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili: rais na kamati yake nzima wameongezewa muhula kwa makofi ya wajumbe wote. Kanuni za ndani zinaruhusu kuchagua kwa makofi, alieleza, na alizijua vizuri kwa sababu ndiye aliyezitunga.

Consolate alisema hapana. Alisema yeye alipiga makofi ya kuaga. Charlotte akacheka, akauliza ni wapi mtu anaagwa kwa furaha kiasi kile. Jean-Berchmans akamwomba kwa upole asimwaibishe mkubwa. Hali ya usalama si nzuri, huu si wakati wa kubadilisha dereva. Hali ya usalama! Muhula wa pili ulipoisha, sababu ilikuwa ugonjwa. Uliofuata, sababu ilikuwa ziwa lililopanda hadi ndani ya nyumba za watu. Sasa ni usalama. Kama kuna kitu ambacho Uvira haijawahi kukikosa, ni sababu. Na wale wakulima wanaoamka alfajiri kulima huku risasi zinasikika ng'ambo, mbona wao wanaambiwa wabadilishe viongozi wao bila kuchelewa?

Octave akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, kama baba anayembembeleza mtoto.

“Mama Consolate, weye njo macho yetu kule Bwegera. Ule muzee wa mufereji atoke tu, ile iko mambo ya mashamba. Huku iko shirika.”

Hapo ndipo hasira ilipompanda kweli. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Alikataa kutia sahihi muhtasari ule. Frédéric akamjibu bila kuinua macho kwamba haidhuru, jina lake liko kwenye orodha ya waliohudhuria, nalo linatosha. Consolate akabeba mkoba wake akatoka, soda yake ikabaki mezani haijafunguliwa, na kwa watu wa Kilibula hilo ni tusi.

Alidhani kesho yake wataona haya, gari halitakuja. Gari lilikuja. Octave akashuka na shati lililopigwa pasi, akawasalimu watu waliokuwa wakitoka kanisani, akaanza somo lake lile lile. Consolate akaenda kusimama kando yake kama kawaida. Alikuwa na sababu yake.

Octave aliposema kwamba kiongozi asiyejua kuondoka ni mwizi, Consolate aliigeuza sentensi ile kama ilivyo, kisha akaendelea. Kwa Kirundi, bila kupandisha sauti, aliwaeleza watu mkutano wote wa jana: mwili uliochoka, makofi, na muhtasari ulioandikwa kabla mikono haijapoa. Hakuficha kwamba makofi ya kwanza yalikuwa yake. Watu wakaguna. Octave, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakujifunza Kirundi zaidi ya salamu, alidhani somo linawaingia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Niyonzima akasimama. Consolate alingoja amdhihaki, maana alikuwa na haki hiyo. Mzee hakumdhihaki. Aliuliza swali tu, polepole, kwa Kirundi. Umesema waliandika rais na kamati yake nzima. Wewe, binti yangu, umo katika kamati hiyo tangu mwaka gani?

Consolate akaanza kuhesabu. Sheria ya Zamu ilisema mihula miwili ya miaka mitatu, kwa rais na kwa kila mjumbe. Miaka ya Octave alikuwa akiihesabu kila siku. Yake hakuwahi kuihesabu hata mara moja. Aliona aibu mbele ya Sabine, mbele ya wajane wote, aibu ambayo hakuna wa kumsaidia kuibeba.

“Anasema nini?” Octave aliuliza.

“Anauliza minye niko mu komite yenu tangu myaka ngapi.”

“Na weye utamujibu nini?”

“Tisa,” Consolate alisema. “Nilipitisha zamu yangu kwa myaka tatu. Tangu sasa hivi siko tena mu komite.”

Akageuka, akayasema yale yale kwa Kirundi, na safari hii kwa sauti kubwa, ili hata waliokaa nyuma wasikie. Niyonzima akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwa mgeni, akasema maneno machache.

Consolate aliyageuza neno kwa neno, bila kuyapunguza makali.

“Anasema: muntu mumoja ametoka. Anauliza: na weye?”

Octave alimtazama dereva wake, akatazama gari. Bwegera nzima ilisubiri tafsiri ya jibu.