Maziwa ya Sifuri

Mabadiliko yenyewe yalikuwa mistari kumi na minne ya programu, na Elisifa alikuwa ameisoma mara tano kabla chai yake haijapoa. Mstari wa tisa ndio uliomkera. Haukuwa na kosa lolote ambalo angeweza kulionyesha kwa kidole, na kwake jambo hilo halikuwa sifa.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mzaliwa wa Old Moshi, Mlutheri aliyependa kusoma kuliko kuimba. Kwa miaka tisa alikuwa akitunza programu za vipimo katika ofisi ya vyumba viwili, juu ya duka la vyakula vya mifugo, Kiboriloni. Hakuna mstari ulioingia katika programu hizo bila idhini yake, wala bila maelezo ya kwa nini upo. Wenzake walimwita Mama Kindness akiwapo, na Forodha asipokuwapo. Alijua, na aliliona jina hilo la pili kuwa sahihi.

Mistari ile iliandikwa na Wilbert, fundi wa miaka ishirini na sita kutoka Kibosho, ambaye meza yake ilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Alikuwa ameandika kiendeshi kipya, yaani ile sehemu ya programu inayozungumza na kifaa na kutafsiri majibu yake, kwa ajili ya kihisi cha joto cha tangi la kupozea maziwa huko Kibosho. Kihisi cha zamani kilikuwa kimekufa. Mara mbili mwezi ule tangi lilipata joto bila mtu kujua, na mara mbili maziwa ya kaya themanini na tatu yakamwagwa migombani. Kampuni iliyoyanunua ilikuwa imetoa neno la mwisho: mkaguzi wao angepanda na gari Jumamosi asubuhi, na asipokuta kipimo kinachofanya kazi, gari lisingepanda tena. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kaya moja kati ya hizo themanini na tatu ilikuwa ya mama yake Wilbert.

"Umepima kwa joto gani?" Elisifa aliuliza.

"Sifuri. Nilinunua barafu kwa yule muuza samaki wa sato hapo chini, nikaijaza kwenye chupa ya chai, nikatumbukiza kihisi. Mara mia mbili, Mama Kindness. Zote sifuri kamili."

"Na joto jingine?"

"Kitabu cha kiwanda kinasema kipimo cha uhakika ni barafu inayoyeyuka."

"Kitabu kinasema kweli. Nimeuliza joto jingine."

Wilbert alikizungusha kiti chake. "Siku ya uumbaji wangekuweka wewe kuidhinisha nuru, mpaka leo tungekuwa tunapapasa."

"Na pengine mbu asingepita," Elisifa alisema, macho yakiwa bado kwenye kioo cha kompyuta.

Kilichomsumbua kilikuwa hiki. Kihisi kile kilituma kila joto kwa baiti mbili, vipande viwili vya namba: kimoja nyuzi kamili, kingine sehemu ya nyuzi. Kiwanda kilitanguliza nyuzi kamili, ilhali kompyuta ndogo iliyofungwa tangini ilitarajia zije mwishoni. Ilikuwa lazima mahali fulani vipande hivyo vigeuzwe, na mstari wa tisa ndio uliovigeuza. Hadi hapo Wilbert hakuwa na hatia. Lakini arobaini na tano ikisomwa kinyume huwa hamsini na nne, na mtu hushtuka. Sifuri mbili zikisomwa kinyume hubaki sifuri mbili. Majaribio yale mia mbili yalikuwa yameuliza swali ambalo kifaa kizima na kifaa kibovu hulijibu sawasawa.

Kihisi kingekuwa mezani, angekitumbukiza kwenye chai yake na mjadala ungekwisha. Lakini kilichofika kilikuwa kimoja tu, na Wilbert alikuwa amekwisha kukifunga tangini siku iliyotangulia, akiamini idhini ni suala la saa mbili tatu.

"Sijakataa," Elisifa alisema. "Sijaidhinisha. Hayo ni mambo mawili."

"Kwa mama yangu ni moja."

Elisifa aliifunga kompyuta yake. "Basi kesho asubuhi tutapima kwenye maziwa ya mama yako."

Ijumaa, saa moja kasoro, pikapu ya ofisi iliwafikisha Kibosho baada ya kukwama kwenye tope mara moja tu, jambo ambalo kwa njia ile lilikuwa baraka. Msimamizi wa tangi, Mektrida, alikuwa akiosha ndoo mlangoni. Alikuwa na miaka sitini na saba, buti za mpira, na kipimajoto cha kioo alichokifunga kwa kamba shingoni karibu na rozari. Kwa Wilbert alikuwa shangazi.

"Shikamoo, Mama Mektrida," Elisifa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mlutheri umewahi. Wakatoliki bado wanakamua."

Wilbert aliiweka programu yake ya majaribio. Kioo kidogo ukutani kikawaka na kuandika sifuri.

"Unaona?" alisema. "Limepoa vizuri."

Mektrida alifungua kifuniko, akazamisha kipimajoto chake, akangoja, kisha akakiinua kwenye mwanga. "Hiki kinasema tano. Maziwa yakiwa sifuri yanakaribia kuganda, na haya yanacheza."

"Labda kioo chako kimezeeka, shangazi."

"Kimezeeka. Mimi pia nimezeeka, na nikikuzaba kofi utalisikia."

Wanawake wakaanza kufika na madumu yao, na maziwa yenye joto la ng'ombe yakamiminwa juu ya yale yaliyolala. Kipimajoto cha Mektrida kilipanda hadi saba, kikafika tisa. Kioo cha ukutani kiliendelea kuandika sifuri, kwa utulivu wa mtu asiyehusika. Nyuzi kamili zilikuwa zikiwekwa mahali pa vipande vya nyuzi, ambako tisa ni kitu kidogo mno kuonekana. Na kila namba ya ajabu iliyojitokeza ilitupwa na kichujio cha programu. Kifaa hakikuwa kimepima barafu ya muuza sato. Kilikuwa hakijui kusema neno jingine.

Wilbert alikaa juu ya kreti. Mama yake alikuwa wa nne kwenye foleni.

Elisifa alikuwa ametarajia kwamba kuwa sahihi kungempa faraja, lakini hakuipata, kwa sababu mstari wa tisa, kila alipousoma, uligeuza kama ulivyopaswa. Yeye na Wilbert wakaketi bega kwa bega, wakaanza kushuka chini ya programu, tabaka baada ya tabaka. Kiendeshi cha Wilbert kiliita kipande cha zamani kilichoitwa "soma", ambacho viendeshi vyote vilikitumia kuleta namba kutoka kwenye waya. Wilbert alikifungua, akasoma, akarudia. Kisha akaigeuzia kompyuta upande wa Elisifa.

Ndani ya "soma" kulikuwa na mstari uliogeuza baiti. Haukuwa na maelezo. Pembeni yake palikuwa na tarehe ya miaka minane iliyopita na jina la aliyeuandika, na jina hilo lilikuwa la Elisifa.

"Unageuza wewe," Wilbert alisema polepole, "halafu nageuza mimi."

"Na zinarudi zilikotoka."

Alikumbuka wiki ile. Alikuwa na haraka. Kila mtu ana wiki ya namna hiyo. Sheria yake ya maelezo ilianza mwezi uliofuata.

Wilbert alitazama mlangoni, shangazi yake asisikie. "Vituo vingine vinautegemea mstari wako. Nifute wangu tu, uidhinishe, tumalize. Nani atauliza?"

Lilikuwa pendekezo la huruma, na Elisifa alilipima kwa haki. Hakuna ambaye angeuliza. Aliyekuwa na kazi ya kuuliza alikuwa yeye.

Wilbert aliufuta mstari wa tisa. Elisifa akaandika chini ya mabadiliko hayo, mahali ambapo ofisi nzima ingesoma: "Mwandishi alifuata kitabu cha kiwanda, na mstari wake ulikuwa halali. Kosa ni la Elisifa. Aligeuza baiti ndani ya 'soma' miaka minane iliyopita bila kumweleza mtu." Aliyasoma maneno hayo mara mbili, akayaona ni ya kweli, akayatuma.

Programu ilipowekwa upya, kioo cha ukutani kilizimika, kikawaka. Nane na nusu.

"Nane na nusu," Mektrida alisema, kipimajoto mkononi, kabla hajaangalia ukutani.

Mashine ya kupozea ilinguruma, na wote watatu wakaitazama namba ikishuka nusu kwa nusu, saba, sita na nusu, pamoja na foleni ya wanawake waliokuwa wamemaliza kumimina na hawakuondoka. Ilipofika nne, Elisifa aliidhinisha.

Jumamosi mkaguzi alizamisha kipimajoto chake mwenyewe, akapata nne, akatazama ukutani, akakuta nne. Akataka kuona namba za usiku kwenye simu yake, zilikuwapo zote. "Leta mpira," akamwambia dereva wake, na maziwa yakaanza kuingia garini. Mektrida alikiosha kipimajoto chake na kukirudisha shingoni. Hakuna aliyemshauri akiache.

Jumatatu Elisifa aliwasilisha mabadiliko yake mwenyewe: "soma" ikawa "soma_na_geuza", na juu yake mistari mitatu ya maelezo. Vihisi viwili vipya vilikuwa vimefika, na alikuwa amekipima kimoja kwenye barafu, kwenye maji ya bomba na kwenye chai. Kanuni ya ofisi haikumruhusu kujiidhinisha, hivyo akampelekea Wilbert.

Jibu lilichukua saa nzima, ingawa meza ilikuwa hatua tatu. "Sijaidhinisha," lilisema. "Umepima chini ya sifuri?"

Elisifa alilichunguza swali hilo, akatafuta udhaifu ndani yake, akaukosa. Akaimwaga chai iliyobaki ndani ya chupa, akachukua kabatini pakiti ya chumvi, ambayo hushusha barafu chini ya sifuri, akashuka ngazi kwenda kwa muuza sato.