Sikio la Anwar Halitoshi

Swafia alikuwa amewaambia watu wote kwamba kuunganisha simu ya video na runinga ni kazi ndogo. Alimwambia nyanya yake, Kukhu Zainabu. Akamwambia baba yake mdogo, Mahmoud. Akawaambia hata wapishi waliokuwa wakichambua mchele wa pilau uani, watu ambao hawakuwa wamemuuliza chochote. "Niachieni mimi. Hii nafanyanga kila siku chuoni." Na kweli alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini Kakamega, na alipenda watu wajue. Mdomo wake haukuwa na breki hata siku za kawaida, sembuse siku ya nikaha ya mdogo wake Laila, nyumbani kwao Mumias.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baba yao alikuwa marehemu, kwa hiyo walii wa Laila, mtu wa kumwozesha, alikuwa kaka yao Anwar. Na Anwar alikuwa Doha, jikoni katika hoteli, akikaanga samaki wa watu. Sheikh Abu, mtu wa taratibu zake, alikubali Anwar amteue Mahmoud awe wakili wake siku hiyo, lakini kwa sharti moja: yeye na mashahidi wamwone Anwar kwa macho yao akitamka maneno hayo. Sauti peke yake hakuitaka. Sauti, alisema, inaweza kuwa ya mtu yeyote. Isipoonekana sura ya Anwar, basi wakwe kutoka Matungu watakula pilau yao na kurudi kwao, na Laila angoje mpaka kaka yake apate likizo, likizo ambayo hata mwenyewe hakuijua itakuwa mwaka gani.

Mahmoud hakulipenda sharti hilo hata kidogo. "Mimi ndugu ya babake niko hapa, nina miguu na mdomo," alikuwa akilalamika tangu asubuhi, "halafu eti nangoja TV ndiyo inipe ruhusa ya halusi!"

Wanaume walikaa sebuleni, mbele ya runinga kubwa iliyotundikwa ukutani. Wanawake walikuwa chumba cha ndani pamoja na bibi harusi, na katikati paliteremshwa pazia zito la maua. Laptop ya Swafia ingefaa kukaa upande wa runinga, lakini betri yake ilikufa siku nyingi, ukiichomoa kwenye umeme inazima papo hapo, na waya wa kurefusha umeme ulikuwa umechukuliwa na mwenye spika za hemani. Kwa hiyo laptop iliwekwa kitandani, kando ya Laila na hina yake, na waya wa picha ukapita chini ya pazia kwenda kwenye runinga ya wanaume.

Swafia aliipanga runinga iwe skrini ya pili, ukumbi wa nyongeza pembeni mwa skrini yake. Hakutaka wanaume waone kila kilichokuwa kwenye laptop. Wao wapelekewe Anwar tu, mengine yabaki kwake. Na hayo mengine yalikuwa ya kubaki kweli, maana dirisha la kundi la WhatsApp la akina mama lilikuwa wazi, na humo walikuwa wakiteta kuanzia alfajiri bila kupumua, hata wale waliokuwa wameketi kitanda kimoja.

Chuoni skrini ya pili huwa mezani kwake, upande wa kushoto. Akirusha dirisha huko, analiona likitua. Hapa skrini ya pili ilikuwa nyuma ya pazia, na pazia lile hakuwa mwanamke wa kulifunua huku wakwe wamejaa sebuleni. Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa na shughuli nyingi za kujisifu.

Simu ya Anwar iliingia wakati Sheikh anamaliza hotuba yake fupi. Swafia akabofya kupokea.

"Asalaam aleikum!" sauti ya Anwar ikajaa chumbani. "Mnanisikia? Niko kwa stoo, nimeiba muda kidogo tu. Msimamizi wangu ananitafuta."

"Waaleikum salaam!" wakaitikia wanawake kwa pamoja, na kutoka sebuleni wanaume pia.

"Sauti tumeipata," akasema Sheikh Abu. "Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Swafia alitazama skrini yake. Anwar hakuwepo. Dirisha la simu halikuwa mbele wala nyuma ya mengine. Alipaza sauti kupita pazia: "Baba mdogo, mnamwona huko?"

"Tunaona bluu tu," akajibu Mahmoud. "Bluu kama anga, hakuna mtu."

Hapa hayupo, kule hayupo, na sauti yake ipo. Bila kufikiri Swafia akabonyeza vile vitufe ambavyo vidole vyake vilivijua kuliko jina lake: kile chenye alama ya dirisha, Shift, na mshale wa kulia. Hivyo ndivyo dirisha hurukia skrini ya pili. Na kweli, dirisha likaruka.

Sebuleni bluu ikatoweka, maandishi yakajaa runinga. Kisha Sheikh Abu, ambaye husoma chochote kinachowekwa mbele yake, akaanza kusoma taratibu na kwa sauti: "Ile kofia ya bwana harusi imemkalia masikio... au ni masikio yameikalia kofia?"

Mungu wangu! Swafia alitamani kitanda kimmeze. Vitufe vile humrusha yule aliye mbele, na aliyekuwa mbele hakuwa Anwar. Alikuwa WhatsApp, kwa sababu huko ndiko Swafia mwenyewe alikoandika mara ya mwisho. Ujumbe wa kofia ulikuwa wake.

"Mwambieni Sheikh afupishe," Sheikh akaendelea na ujumbe uliofuata, "pilau inaungua."

"Swafia!" Mahmoud akanguruma. "Toa hiyo takataka!"

Alibonyeza mshale wa kushoto, dirisha likarudi, akalifunga moja kwa moja. Mle chumbani mashangazi walikuwa wameziba midomo kwa mitandio, mabega yakiwatikisika. Laila peke yake hakucheka. Alikuwa ameushika mkono wa dada yake, na hina ilikuwa haijakauka vizuri, lakini hakujali.

"Dada," alinong'ona, "akikata simu je?"

Swafia alitazama tena skrini yake, chini hadi juu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakujisifu.

"Mimi naonanga hivi," Mahmoud alikuwa akiwaeleza wakwe, "mambo ya mashini tuyaache. Tule, tuombe dua, tupange siku nyingine."

"Swafia," sauti ya Anwar ikaita kutoka mahali pasipoonekana, "msimamizi yuko mlangoni. Fanyeni haraka, wallahi."

Kukhu Zainabu alikuwa amekaa kwenye kona na tasbihi yake. Aligeuka. "Wewe mtoto," akasema, "asubuhi yote umetuambia unajua. Sasa jua."

Maneno hayo yalimchoma, na yalimsaidia. Swafia aliondoa mikono kwenye vitufe, akajiuliza kama ambavyo angemuuliza mwanafunzi wake. Mara ya mwisho uliliacha wapi? Chuoni. Kwenye skrini ya kushoto. Basi hilo dirisha limefunguka pale pale lilipozoea, kushoto, mahali ambapo leo hapana skrini yoyote. Liko hewani. Halijafa, limesimama tu mahali pasipo na ukuta.

Akabofya alama ya simu kule chini kwenye mstari wa programu, mara moja, polepole, ili safari hii aliye mbele awe Anwar na si mwingine. Akahakikisha. Ndipo akabonyeza alama ya dirisha, Shift, mshale wa kulia. Kimya. Akarudia.

"Eh! Eh!" Mahmoud alipiga ukelele. "Kuna kitu! Kuna... ni nini hii?"

"Ni sikio," akasema Sheikh Abu.

Dirisha lilikuwa limetua vibaya, sehemu kubwa ikiwa nje ya ukingo. Swafia akashika kipanya na kuanza kulivuta bila kuliona.

"Kulia!" akaamuru Mahmoud. "Kulia kidogo! La, si kulia hiyo, kulia yangu! Sasa hata sikio linaenda!"

"Sheikh," Swafia akauliza kwa unyonge, "sikio halitoshi?"

"Sikio halitoshi, binti yangu."

Wakwe wakaangua kicheko, na hata bwana harusi mwenye kofia alisikika akicheka. Mahmoud alikuwa anaona bila kushika kipanya, Swafia alishika kipanya bila kuona, na wangeweza kuelekezana hivyo hadi magharibi. Akaacha kipanya. Ya nini kuvuta? Dirisha lilikuwa tayari liko kwenye skrini yao. Lililobaki ni kuliambia lijae. Alama ya dirisha, mshale wa juu. Basi.

Kelele iliyotoka sebuleni ilisikika hadi kwa wapishi. "Anwar! Anwar huyo! Mashallah, amenenepa!" Viti viligongana. Mtu mmoja alitoa takbiri na wengine wakaitikia. Swafia hakuona hata kidogo. Alichokiona ni skrini yake tupu na uso wa Laila, na uso huo ulimtosha.

"Nyamazeni," akasema Sheikh Abu, lakini naye sauti yake ilikuwa na furaha. "Anwar, mimi nakuona, na mashahidi wanakuona. Unasemaje?"

Anwar alikohoa. Nyuma yake mtu alikuwa akigonga mlango wa stoo kwa nguvu. Naye, bila kuharakisha neno hata moja, akatamka kwamba amemteua baba yake mdogo Mahmoud awe wakili wake amwozeshe dada yake Laila, kwa ridhaa yake na ya Laila. Mashahidi wakasema wamesikia na wameona. Sheikh akamgeukia Mahmoud, na Mahmoud, yule aliyedharau mashini tangu asubuhi, alipoanza kusema "Nimekuozesha", sauti ilimkatika, ikabidi aanze upya. Bwana harusi akajibu, "Nimekubali," kwa nguvu ya mtu anayejibu watu wa mtaa wa pili.

Vigelegele vililipuka chumbani. Kukhu Zainabu alisimama na kucheza pale pale kwenye kona, tasbihi mkononi. Swafia alijikuta analia na kucheka kwa pamoja, akipigwa mgongo na mashangazi, na hakujizuia. Alikuwa ameweza. Ulimwengu mzima ulikuwa ukimngoja, na alikuwa ameweza.

Sebuleni wanaume walimfurahia Anwar kwelikweli. Kila mtu alitaka kumsalimu: huyu alisoma naye madrasa, yule alicheza naye mpira, mkwe mmoja akataka kujua mishahara ya Doha ikoje. Mahmoud aliwatambulisha wageni mmoja mmoja kwenye runinga, kana kwamba ni yeye aliyeileta.

"Mnaniua na raha," sauti ya Anwar ilisema, ikiwa nyembamba kidogo. "Lakini sijamwona yeye. Namuozesha mdogo wangu, na mimi naona giza tu. Laila yuko wapi?"

Hakuna aliyemsikia katika zile kelele. Hakuna, isipokuwa wale wanawake waliokuwa karibu na laptop. Laila aliinua kichwa. Kamera ilikuwa imezimwa tangu mwanzo, kwa sababu ya wanaume, na kama ingewashwa sasa, picha ya bibi harusi ingeenda moja kwa moja kwenye runinga yao.

Swafia akapangusa macho kwa mtandio. Hakumwomba mtu ruhusa. Akabofya alama ya simu, akahakikisha aliye mbele ni nani, akabonyeza mshale wa kushoto.

Anwar akatua kwenye skrini yake, mzima, akiwa na aproni yake nyeupe na macho mekundu. Swafia akasukuma laptop mbele ya mdogo wake, akawasha kamera. Laila akafunua mtandio, Anwar akamwona. Halafu Anwar akafunika uso kwa aproni akalia kama mtoto, na Laila akaweka kiganja chake chenye hina kwenye skrini.

"Swafia!" Mahmoud akaita kutoka upande wa pili wa pazia, kwa wasiwasi mkubwa. "Swafia wee! Amepotea tena!"

"Hajapotea, baba mdogo," Swafia akajibu. "Nimemchukua. Sasa ni wetu."