Kilichomo Ndani ya Hirizi

Kazi yangu ni kuandika vikaratasi vya maelezo kwenye jumba la makumbusho. Maneno ishirini, hayazidi, na yote yawe kweli. Uongo siupendi hata ukivaa kanzu.

Mwaka huu tulitenga chumba kizima kwa mambo ya uchawi: jinsi binadamu walivyojikinga, walivyopendana na kulaaniana tangu enzi na enzi. Dereva mmoja wa lori, mstaafu, alituletea hirizi ya ngozi aliyoivaa mkononi zaidi ya miaka sitini. Ili tusiifumue, tuliipiga eksirei. Nikaandika: "Hirizi. Kazi ya mganga. Ndani hamna kitu."

Siku mbili kabla ya ufunguzi akaja dada yake, bibi mwenye fimbo na maneno makali kuliko fimbo. Akasoma, akarudia, akaniomba nikitoe kile kikaratasi. Nilimjibu kwa heshima kwamba njia ya mwongo ni fupi.

"Hii imefika miaka sitini," akasema, akakalia kiti changu bila kukaribishwa.

Alinieleza kwamba mdogo wake alipokuwa na miaka saba, homa ilimshika hadi akawa hatambui mtu. Mganga alikuwa safarini, na mtoto hakuacha kulilia hirizi. Mama yao akakata kipande cha mkoba wake, akakishona, akamwambia imetoka kwa mganga. Mtoto akapona. Tangu hapo hakuivua, hata siku breki zilipomkatikia mlimani. Mama alikufa na siri yake, dada akabaki nayo.

"Jumamosi anakuja na wajukuu. Mwanangu, ukimwambia alibeba utupu maisha yake yote, utamvunja."

"Lakini bibi, picha inaonyesha hamna kitu."

"Kabla ya kufunga uzi, mama alipuliza ndani mara tatu. Mimi ndiye niliyemshikia ngozi. Hiyo picha yenu inaonyesha pumzi?"

Alipoondoka nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Nilimwonea huruma, lakini kumtaja tena mganga sikuweza. Mwishowe nikaandika: "Hirizi. Kazi ya mama kwa mwanawe mgonjwa. Ndani: pumzi yake."

Jumamosi dada alipokiona kikaratasi kipya alinitupia jicho ambalo sitalisahau. Tulikuwa tumechelewa, mzee alishainama kusoma. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, kisha akamgeukia dada yake.

"Kumbe ni mama?"

Dada akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi miaka yote hii namwombea dua mganga," mzee akasema.

Machozi yakamtoka mbele za watu. Mjukuu wake mdogo akamvuta shati, akamuuliza analia nini.

"Namshukuru mama," akasema. "Nimechelewa kidogo."