Vipande Ishirini na Nane

Kila asubuhi, kabla Zuena hajafungua mlango wa mbele, mimi huchukua kitambaa laini, hukitia tone la mafuta, kisha naanza na kipande cha kwanza kushoto mwa mlango na kuzunguka ukumbi mzima mpaka kipande cha ishirini na nane. Kila kimoja nakiinua, nafuta juu, nafuta chini, narudisha. Rafu yenyewe ni ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani usawa wa bega langu, na vipande hufuatana juu yake kimoja nyuma ya kingine kama watu walio njiani.

Jumamosi ile niliingia, nikanyoosha mkono bila kutazama, kama nilivyozoea. Vidole viligusa ubao mtupu.

Rafu ilikuwa tupu kuta zote tatu. Katikati ya ukumbi, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha buluu, kulikuwa na meli nyeupe inayong'aa, ndefu kama mtoto wa miaka mitatu aliyelala. Mbele yake ilichomekwa bendera ya karatasi. Ukumbi mzima ulinuka rangi ya mafuta. Nilisogea, nikainama, nikaona kwenye ubavu wa kulia kijibonyeo kidogo ambacho rangi haikuweza kukificha. Patasi iliniponyoka pale mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, Zuena aliponiita ghafla nikafuturu naye.

Ilikuwa meli yangu.

Meli nazichonga nyumbani tangu nikiwa kidato cha pili, kwa mabaki ya mninga ninayookota kwa maseremala. Nimechonga nane nzima nzima, na sijawahi kuliona ziwa wala bahari. Hapa Tabora watu huniuliza zitaelea wapi. Zuena, anayekata tiketi mlangoni kwetu, huwaambia, "Mwacheni Levina. Anangoja gharika."

Hii ya tisa niliichonga kwa ajili ya Jumba la Njia ya Zamani, ambako nimeajiriwa kutunza kumbukumbu. Ni nyumba ya watu binafsi, si kubwa, inayoonyesha vitu vya njia ya misafara iliyopita hapa kutoka pwani kwenda Ujiji. Nilipokuwa chuoni nilikuta kwenye ripoti moja kuukuu mchoro wa boti ya chuma iliyopelekwa ziwani kabla reli haijajengwa. Haikuelea kwenda huko. Ilifunguliwa vipande, na vipande vikabebwa mabegani, watu wawili kwa kipande kimoja, kikining'inia kwenye mti katikati yao. Walioibeba walikuwa Wanyamwezi. Ripoti ilitaja jina la mhandisi, la mchoraji, hata la mbwa wa mhandisi. Wabebaji iliwataja kwa idadi.

Nilimsomea bibi yangu Bernadeta ripoti ile. Akasema, "Babu yangu Ngollo alibeba kipande cha chini cha chombo hicho, au cha namna hiyo. Alirudi bega moja limeshuka. Akivaa kanzu, mkono mmoja unaishia kwenye kifundo, mwingine unafunika vidole. Tulikuwa tunamcheka sisi watoto."

Nikamuuliza, je, alisema boti ilikuwaje ilipoingia majini?

"Ataijuaje? Walitua mizigo, wakaambiwa rudini. Hakuiona ikiwa nzima hata siku moja."

Kwa sababu hiyo sikuiunganisha. Nilichonga mkuku, yaani uti wa chini wa meli, katika vipande vinne. Nilichonga mataruma, zile mbavu za ndani, na mabamba ya ubavuni, kila bamba na vitundu vyake vya boliti. Chini ya kila kipande niliacha nafasi ya majina mawili, nikaanza kuyachoma kwa waya wa moto. Bibi alinipa matano. Mengine yaliletwa na wageni: mama mmoja wa Nzega, mwalimu mstaafu wa Igunga, kijana wa bodaboda aliyeingia kujikinga mvua akatoka akiwa amempigia baba yake simu. Kwa miaka miwili tulifika majina kumi na tisa kati ya hamsini na sita. La ishirini lilikuwa linakuja siku hiyohiyo, kwa basi la Urambo.

"Umeiona?"

Bwana Mussa, msimamizi wetu, alitoka ofisini akipangusa miwani kwa ncha ya shati. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonifunga mdomo zaidi ya yote. Alikuwa na furaha kama mtu aliyekuletea zawadi.

"Nimeiona."

"Jana ulipompeleka bibi hospitali ya Kitete kwenye macho, nikajisemea, binti huyu miaka miwili ameshindwa kuifunga meli hii, na leo saa nane wageni wa ufunguzi wa maonyesho wanaingia. Wataangalia vibao ukutani? Nikamwita fundi. Gundi, puti, rangi, mchana mmoja tu. Sema ahsante basi."

"Haikuwa ya kuunganishwa," nilisema.

"Ee?"

"Majina yalikuwa chini ya..."

"Majina yapo, yako ndani. Nani anaitazama meli kwa chini?" Akacheka, akanigonga begani kwa kidole. "Nyie Wanyamwezi nyie. Mliambiwa mbebe meli, mkabeba. Mngeambiwa mbebe na bahari mngeuliza tu ndoo ziko wapi."

Zuena aliangua kicheko kule mlangoni. Kusema kweli maneno yalichekesha.

"Sasa umenuna," alisema Bwana Mussa. "Mtani akinuna, utani umekufa. Unataka niuzike leo, wageni wanakuja?"

Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, na Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za misafara hiyohiyo. Mtani aweza kukuvua kofia barabarani, aweza kulala kaburini mwa baba yako akadai kitu ndipo atoke, nawe utacheka. Nimelelewa hivyo na naipenda desturi hiyo. Lakini utani huenda na kurudi. Tangu niajiriwe, Bwana Mussa amenichukulia kiti, mwavuli na chai yangu, nami nimecheka. Mimi sijawahi kumchukulia kitu, hata kalamu, kwa kuwa yeye ndiye anayetia sahihi barua yangu ya likizo. Huo ni utani gani wa mkono mmoja?

Hayo nayaandika sasa. Wakati ule nilicheka. Kicheko kile bado kinaniuma.

Nilikwenda stoo nikakaa juu ya kreti. Kwenye ndoo ya takataka nilikuta kadi yangu, ile iliyokuwa mwanzo wa rafu: *Mizigo ishirini na nane. Walioibeba hawakuiona ikiwa nzima.* Kule mezani palikuwa na kadi mpya: *Meli ya Zamani. Imekamilishwa kwa ajili ya ufunguzi.* Neno lile "imekamilishwa" lilinipandisha damu mpaka masikioni. Nani alikuwa ameiacha pungufu? Hamsini na sita waliifikisha bila kupoteza boliti moja, na mimi nilikuwa nawakusanya mmoja mmoja, kwa subira, na mtu mmoja kwa mchana mmoja na kopo la puti akawasawazisha kama nyufa za ukuta.

Zuena akaja na kikombe cha chai.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Wewe ulikiambia kitambaa chako cha kufutia. Macho yako yote yalikuwa kwenye kitambaa." Akaketi kando yangu. "Na mimi nilicheka. Nisamehe. Ile ya ndoo ilinipata vibaya."

"Hata mimi ilinipata."

"Mzee wako wa Urambo anakuja saa ngapi?"

"Basi linaingia saa nne."

"Utamwambia nini?"

Mzee Bundala alikuwa amenipigia simu mara tatu wiki ile. Ni mkulima wa tumbaku, sauti yake kavu, haongei zaidi ya lazima. Jirani yake alipita hapa mwezi wa tano akamsimulia. Babu wa Mzee Bundala, Shilinde, alibeba kipande kilichopinda. Hakujua kinaitwaje, alijua tu kwamba kila walipoteremka mlima kilimgonga kisogoni, na alikuwa na kovu pale, nywele hazioti, na wajukuu walipangiwa zamu ya kulipaka mafuta. Nilikaa na mchoro jioni nzima. Kipande pekee chenye mpindo wa namna hiyo ni cha tezi, nyuma kabisa ya meli, cha ishirini na saba. Nilipomwambia hivyo kwenye simu alinifanya nirudie namba ya kipande mara mbili. Kisha akasema, "Basi nitakuja kukishika."

Alifika saa nne na robo, amevaa suti ya kahawia ya kanisani na viatu vilivyotiwa rangi hadi kwenye soli. Nilimpokea mlangoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe Levina? Nilidhani mtu mzima."

"Ndiye mimi."

"Hujambo lakini." Akavua kofia, akaitazama rafu kulia, akaitazama kushoto. Jirani alikuwa amemweleza vizuri. Alijua pa kutazama. "Kiko wapi?"

Bwana Mussa alikuwa ameshawasili, mikono miwili imenyooshwa. "Shikamoo mzee, karibu sana. Umekuja siku njema. Tazama hapo, meli yenu sasa imekamilika."

Mzee Bundala alisogea mezani. Alizunguka mara moja, polepole, mikono nyuma kama anayekagua jani la tumbaku la mtu mwingine kituo cha mauzo.

"Nzuri," alisema. "Kipande cha mzee kiko wapi?"

"Humo humo ndani, mzee."

"Ndani wapi?"

"Popote, mzee wangu. Si wote walibeba? Meli yote ni yenu."

"Popote," alisema Mzee Bundala.

Alinyoosha kidole kimoja akaigusa meli kwa nyuma. Rangi haikuwa imekauka vizuri. Kidole kilitoka na weupe. Alikitazama, akatafuta pa kukifutia, akaona suti, akaona kitambaa cha buluu, mwishowe akakifuta kwa leso yake mwenyewe na kuikunja weupe uingie ndani ili asichafue mali ya watu.

"Basi ni vizuri, mwanangu," aliniambia mimi, si Bwana Mussa. Sauti ilikuwa ya upole, na upole ule ulikuwa wa kunisaidia. Aliona nimefedheheka akataka kunipunguzia. "Mmefanya kazi kubwa. Basi la kurudi Urambo ni saa ngapi?"

"Mzee, kaa, kuna chakula," alisema Bwana Mussa. "Saa nane tunapiga picha na wageni. Utasimama hapa pembeni."

"Nashukuru. Nina watu kwenye bani la kukaushia tumbaku, jani linakauka." Akavaa kofia. Aliivaa kwa mikono miwili, kwa uangalifu, ikashuka kidogo nyuma, pale pale kisogoni.

Kwa kawaida nikifika hapo hutazama chini. Zuena alikuwa mlangoni ameshika kitasa, hamfungulii mzee, hamfungii, ananitazama.

"Babu, usiondoke," nilisema. "Bwana Mussa."

"Naam, mtani."

"Leo usiniite mtani."

Akatabasamu, akawageukia wengine kama anayewaomba wacheke. Hakuna aliyecheka.

"Mwanangu, kulikoni? Nimekosa nini? Nimeimaliza kazi yako tu."

"Hukuimaliza. Umeifuta." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka, nami nikaiacha iendelee. "Ningetaka meli nzima ningechonga nzima. Nyumbani ninazo nane. Hii niliichonga vipande kwa sababu watu hawa walipewa vipande. Babu wa bibi yangu alitembea mpaka ziwani na kipande kimoja begani, akarudi amepinda, na hakuonyeshwa kile alichokibeba. Mhandisi ameandikwa. Mbwa wake ameandikwa. Mahali pekee jina la Ngollo limeandikwa duniani ni chini ya kipande cha tatu, na wewe umelipaka puti. Mzee huyu ametoka Urambo kuja kuambiwa popote. Babu yake hakubeba popote. Alibeba tezi, kipande cha ishirini na saba, na kilimtoboa kisogo."

Bwana Mussa alifungua mdomo. "Levina, wageni saa nane..."

"Gundi ile ni ya jana, hulegea kwa maji ya moto. Zuena ana birika. Rangi nitaikwangua mwenyewe, na wageni wakija wataona ninakwangua, nami nitawaambia kwa nini. Sikuomba ahsante, wala sitaisema. Nilicheka asubuhi kwa sababu nakuogopa, Bwana Mussa, si kwa sababu ulichekesha. Ninachotaka ni hiki: kila mtu aliyebeba arudishiwe mzigo wake, uwekwe peke yake, na jina lake chini yake. Na tunaanza na Shilinde, kwa sababu mjukuu wake amesimama hapa na kofia kichwani."